Maji ya Kisima Yapimwe Kabla ya Kushangiliwa

Kisima kirefu kinapofunguliwa Kitui au Makueni, hotuba na vigelegele havikosi. Nani atawalaumu akina mama waliozoea kuwaswaga punda mwendo mrefu kwa ajili ya mitungi michache ya maji? La kusikitisha ni kwamba baada ya shangwe, mara nyingine maji hayo huwa ya chumvi hata wananchi huyaacha, wakarudi kufukua mchanga wa mito mikavu.

Si uchawi. Ardhi ya Ukambani imelalia miamba mikongwe mno. Mvua ni haba, jua ni kali, na maji yaliyomo katika nyufa za miamba hiyo hukaa humo muda mrefu yakiyeyusha chumvi na madini mengine. Mojawapo ni floraidi, ambayo ni ya kuogopwa kuliko chumvi, kwani katika maji ya kunywa haijulikani kwa rangi wala harufu. Kiasi kidogo hukinga meno yasioze. Ikizidi, meno ya watoto huota yakiwa na madoa ya kahawia, na ikinywewa kwa wingi miaka mingi, hata mifupa hudhurika. Shirika la Afya Duniani limependekeza kikomo cha miligramu 1.5 kwa kila lita.

Wengi wetu tumefunzwa kwamba maji yakichemshwa ni salama. Ni kweli kwa vijidudu, si kwa madini. Moto hupunguza maji tu. Madini hubaki sufuriani, tena yakiwa yamekolea zaidi.

Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kupata maji safi na salama ya kutosha. Basi tusiridhike kuhesabiwa visima vilivyochimbwa. Tuziulize serikali za kaunti: maji yalipimwa? Matokeo ni yapi? Na wanakijiji waelezwe kwa Kikamba na Kiswahili, kabla pampu haijafungwa.

Kisima chenye chumvi ya wastani chaweza kunywesha mifugo. Kwa kunywa na kupikia, tuongeze matangi ya mvua na mabwawa ya mchanga, ambayo wenyeji wa kaunti hizi wana ujuzi nayo wa miaka mingi. Maji hayo yakiwa na vijidudu, moto huyaweza. Lakini jino la mtoto lililoota na doa la floraidi, hakuna moto wala mswaki utakaolirejesha.