KAYAKI YA KUKANYAGA: MAMBO YAMPASAYO MNUNUZI KUYAJUA

Mwenye kuvua kwa mshipi katika mtumbwi mdogo ana taabu moja ya tangu zamani: mikono yake ni miwili, nazo kazi zake ni tatu. Hupiga kafi, hushika mshipi, na samaki akinasa ndoana humpasa kumvuta huku akikizuia chombo kisichukuliwe na upepo. Mara nyingi huliacha kafi ili amuwahi samaki, na papo hapo chombo hugeuka kikapokea mawimbi ubavuni.

Nchini Marekani taabu hiyo ilipatiwa dawa mwaka 1997. Kampuni ya Hobie Cat ya jimbo la California, iliyokwisha kujipatia sifa kwa vyombo vya tanga vyenye viwiliwili viwili, ilitoa kayaki inayoendeshwa kwa kukanyaga pedali. Mtambo wake ulibuniwa na Greg Ketterman. Tangu wakati huo makampuni mengine yamefuata, na leo wavuvi wengi wa mshipi wa nchi hiyo, katika maziwa, mito na pwani, huvua wakiwa wamekaa kitini, miguu ikifanya kazi ya kafi na mikono ikibaki huru.

Kayaki yenyewe si kitu kipya. Wainuti wa Greenland, wa kaskazini ya Kanada na wa Alaska waliiunda kwa mbao zilizoletwa na mawimbi au kwa mifupa, wakaivika ngozi ya sili, wakaitumia kuwinda wanyama wa baharini. Kayaki ya siku hizi huumbwa kwa plastiki. Unga wa plastiki hutiwa katika kalibu ya chuma, kalibu ikazungushwa ndani ya tanuri mpaka unga uyeyuke na kushika pande zote. Kwa hiyo kiwiliwili hutoka kipande kimoja kisicho na kiungo.

Mitambo ya aina mbili

Aina ya kwanza ni ya mapezi. Chini ya chombo hutokeza mapezi mawili. Mvuvi husukuma pedali kwa kupokezana miguu, kama mtu apandaye ngazi, na mapezi hupunga huku na huku mfano wa mabawa ya ngwini aogeleaye. Faida yake ni kwamba mtu akifika penye maji machache husukuma pedali moja mbele kabisa, mapezi yakalala bapa chini ya kiwiliwili. Mitambo ya kwanza ya aina hii haikuweza kurudi nyuma. Iliyofuata baadaye iliongezewa uwezo huo.

Aina ya pili ni ya rafadha. Hii hukanyagwa kwa kuzungusha kama baiskeli, na magurudumu ya meno yaliyo ndani ya mtambo huizungusha rafadha iliyo chini. Mtu akikanyaga kinyume, chombo hurudi nyuma mara moja, jambo lenye manufaa sana samaki anapokimbilia kwenye visiki. Upungufu wake ni kwamba magugu ya majini huweza kujizonga katika rafadha, na karibu na ufuko ni lazima mtambo uinuliwe usije ukagonga mchanga au mawe. Basi mwenye kuvua penye magugu na maji machache atazame kwanza mapezi. Mwenye kuvua penye kina na visiki atazame rafadha.

Kupima kabla ya kulipa

Bei ya kayaki ya kukanyaga nchini Marekani huanzia kiasi cha dola 1,000 na kupita dola 5,000. Kwa nyumba ya mtu wa kipato cha kawaida hizo ni fedha nyingi, na haifai zitoke bila mashauri ya wenye nyumba wote wawili.

Urefu wa kayaki nyingi za kuvulia ni kati ya meta 3 na meta 4.2. Iliyo ndefu huenda kwa wepesi na kushika njia yake; iliyo fupi hugeuka upesi na ni rahisi kuihifadhi. Iliyo pana hutulia, hata mtu aweza kusimama akarusha mshipi, lakini hudai nguvu zaidi za miguu. Wengi hutazama urefu na upana wakasahau uzito wa chombo chenyewe. Kayaki ya kilo 50 si mzigo wa mtu mmoja kuipandisha juu ya gari. Asiye na msaidizi hana budi kununua kigari cha magurudumu mawili cha kuikokota hadi majini, ama achague chombo chepesi zaidi.

Jambo la pili ni uwezo wa kubeba, ambao huandikwa na mtengenezaji. Wazoefu hushauri kwamba mtu asizidishe kiasi cha asilimia 70 ya uzito ulioandikwa. Tuseme imeandikwa kilo 180. Asilimia 70 yake ni kilo 126. Mvuvi akiwa na kilo 80, na vifaa vyake kilo 25, zimebaki kilo 21 tu za maji ya kunywa, chakula na samaki. Kumbe chombo kilichoonekana kikubwa dukani ni cha kumtosha yeye peke yake.

Anayenunua kayaki iliyokwisha kutumika aipindue kwanza. Aangalie sehemu ya tezi iliyoburutwa juu ya mawe, na kandokando ya matundu yanayotoa maji, maana hapo ndipo nyufa huanzia. Atie maji kidogo ndani ya kiwiliwili, kisha atazame nje yanatokea wapi. Akanyage pedali asikilize kama zinalegea, avute kamba za usukani, tena aulize kama vipuri vya mtambo huo vingali vinapatikana. Rahisi huvunja upishi: chombo cha bei ndogo kisicho na vipuri huishia kuwa pambo la uani.

Vifaa kwa utaratibu wake

Kosa la kawaida ni kuzimaliza fedha zote kwa chombo, kisha cha kuokolea maisha kikasubiri mwezi ujao. Utaratibu ulio bora ni huu: kwanza uhai, pili mwendo, tatu uvuvi, mwisho starehe.

Katika uhai, cha kwanza ni jaketi la kuokolea maisha lenye kumkaa mvuvi sawasawa, na mahali pake ni mwilini, si chini ya kiti. Taarifa za walinzi wa pwani wa Marekani za mwaka 2023 zilionyesha vifo 564 katika ajali za vyombo vya starehe. Pale ambapo sababu ya kifo ilijulikana, asilimia 75 walikufa maji. Na katika waliokufa maji ambao habari zao zilijulikana, asilimia 87 hawakuwa wamevaa jaketi. Baada ya jaketi huja filimbi, taa nyeupe kwa anayevua usiku au alfajiri, na bendera juu ya mlingoti mwembamba, kwa kuwa kayaki iko chini sana na wenye mashua za mashine hawaioni upesi.

Katika mwendo, kafi ni la lazima ingawa kuna pedali. Mtambo ukivunjika kilometa tatu toka ufukoni, kafi ndilo litakalomrudisha mtu nyumbani. Nanga nayo ina adabu yake. Isifungwe ubavuni penye mkondo, kwani mkondo huweza kukivuta chombo kikapinduka. Hufungwa kwenye kamba ya mzunguko ipitayo ubavuni, ambayo huivuta nanga hadi omo au tezi, na kisu cha kuikata kiwe karibu na mkono.

Katika uvuvi, vishikio viwili vya fimbo, kreti nyuma ya kiti, na sanduku la barafu vinatosha kuanzia. Chombo cha kutafutia samaki kwa mwangwi wa sauti hufaa sana, lakini hudai betri. Ya lithiamu ni nyepesi kuliko ya risasi, ila bei yake ni kubwa. Kila kitu kifungwe kwa kamba, maana kisichofungwa ni cha ziwa.

Kujifunza kuanguka

Kabla ya safari ya kwanza, mnunuzi na afanye zoezi ambalo wengi huliona aibu: ajipindue kwa makusudi, penye maji ya kifuani, akiwa na mwenziwe. Chombo huinuliwa kwa kuupitisha mkono juu ya kiwiliwili na kukivuta ubavu wa pili. Kisha mtu hupiga miguu kama aogeleaye, hujivuta kifudifudi mpaka tumbo lilale juu ya chombo, ndipo hugeuka akakaa. Asiyeweza kufanya hivyo penye maji ya kifuani hataweza penye kina.

Baada ya uvuvi wa baharini, chombo na mtambo vioshwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, vikaushwe na kuwekwa kivulini, kwa sababu jua kali huidhoofisha plastiki.

Yafaa kueleweka pia kwamba kayaki hii ni ya mtu mmoja na mshipi wake. Haikuundwa kuchukua nyavu, wala haiwezi kushika nafasi ya mashua za mbao zinazovua dagaa kwa taa katika maziwa makuu. Lakini hesabu ya uzito, nanga isiyofungwa ubavuni na jaketi lililovaliwa ni mambo yampasayo kila aingiaye majini, akiwa juu ya plastiki ya maelfu ya dola au juu ya gogo lililochongwa. Tahadhari kabla ya hatari.