Vituko vya Jamvini

Aliyepata kusoma chuoni utotoni hasahau mambo mawili: bakora ya mwalimu na vituko vya wenzake. Bakora tuiache, imekwisha semwa sana. Leo tuzungumze vituko.

Msomaji asiyejua chuo kwanza na aelewe mpango wake. Pale tulipokuwa tukisoma sisi, Mji wa Kale, Mombasa, mwishoni mwa miaka ya 1970, hapakuwa na madarasa wala madawati. Ukumbi wa nyumba ya mwalimu na jamvi, basi. Yupo wa alifu kwa kijiti, yupo aliyefika Yasini, na ubavuni mwake yupo anayekaribia kuhitimu juzuu zote 30. Wote husoma kwa sauti, kwa wakati mmoja, kila mtu pahala pake. Mpita njia husikia mvumo wa nyuki. Kisha mmoja mmoja huitwa mbele kusikilizwa.

Na penye kelele nyingi pana maficho mengi. Alikuwapo Baba Sauti: mishipa ya shingo imemsimama, anayumba mbele na nyuma kama mashua ya Kaskazi, lakini ukimtegea sikio, tangu asubuhi anarudia neno moja. Alikuwapo Bwana Mtungini, ajuaye hesabu ya zamu kuliko karani wa bandarini. Wakibaki watatu mbele yake, koo lakauka, aomba ruhusa ya maji. Akibaki mmoja, tumbo lasokota. Wa kusinzia naye hakukosa, na kwa hakika aliyumba vizuri zaidi usingizini kuliko macho. Wachongezi siwataji, hao wapo kila pahala, hata maofisini.

Lakini aliyetuvunja mbavu ni Mzunguko. Jina hilo tulimpa kwa sababu ya sura ya Kafirun. Sura ile ni fupi, aya 6 tu, ila aya ya tatu na ya tano ni moja, neno kwa neno. Mzunguko akiisoma kwa moyo hufika ya tano akadhani yuko ya tatu. Husoma ya nne, hufika tena ya tano, hurudi tena ya nne, kama mgeni wa vichochoroni anayetokea mara tatu mlango ule ule. Mwalimu hakumkatiza. Alivuta tasbihi yake taratibu, nasi viganja midomoni. Aliyecheka kuliko wote ni mimi.

Nami nilikuwa nani? Kasuku. Sikio langu lilikuwa jepesi. Walivyosoma wakubwa, mimi nilidaka. Juzuu Amma yote, tangu Naba hadi Nasi, nilikuwa nayo kichwani pamoja na mahadhi yake. Kijiti changu kilitembea juu ya mistari kwa madaha, kikisimama nisimamapo, lakini herufi zenyewe hatukujuana. Wageni wakija, mimi ndiye niliyeitwa nisome. (Sikio hilo hilo ndilo linipalo mizani ya shairi hadi leo, kwa hiyo siwezi kulilaani.)

Siku moja mwalimu akafungua juzuu yangu, akaweka kidole katikati ya mstari. "Mwanangu, soma hapa."

Hapa ni wapi? Ni sura gani? Kasuku hajui kuanza wimbo katikati. Nikakohoa. Nikapiga bismillahi, nikanyamaza. Ule mvumo wa nyuki ukapungua, ukakatika kabisa, na ukumbi mzima ukanigeukia. Ndipo nyuma yangu nikasikia mtu ananong'ona neno la kwanza, kisha la pili, polepole, herufi kwa herufi. Alikuwa Mzunguko, amechungulia begani kwangu. Kwa moyo alikuwa akipotea, lakini akitiwa kitabu mbele ya macho alisoma kweli.

Mwalimu alimsikia, kwani hakuwa na nyuki asiyemsikia. Hakutupiga. Alichukua ubao, akaandika alifu, akaniketisha na watoto wa miaka mitano, mimi wa miaka kumi, magoti yangu yamepita vichwa vyao. Kisha akamwita Mzunguko, akampa kijiti anisomeshe.

Miezi miwili alinishikia kijiti kile kila asubuhi. Nilipokosea alinirudisha nyuma herufi moja tu, akangoja, wala hata siku moja hakuniita Kasuku.