Kutoka Merikebuni Mpaka Mji wa Mawe

1. Merikebu ya wasafiri

Kuna merikebu zisizochukua shaba, wala pamba, wala mafuta. Mzigo wake ni watu. Watu hao hawahami, wala hawaendi kufanya biashara. Wanasafiri ili wapumzike na kuona nchi za wengine. Merikebu moja ya namna hiyo yaweza kuchukua watu 3,000 au zaidi. Ndani yake mna vyumba vya kulala, majiko, maduka na daktari. Ni kama mji mdogo unaoelea juu ya maji. Usiku inasafiri, mchana inasimama bandarini. Asubuhi wasafiri wanashuka kutembea nchi kavu, na kabla ya usiku wanarudi. Kesho yake wataamka mbele ya nchi nyingine.

Merikebu nyingi za namna hiyo hupita katika bahari ya Karibi na Ghuba ya Meksiko. Bandari mojawapo wanayofika ni Progreso, katika jimbo la Yucatán, nchi ya Meksiko. Wengi wanaoshuka hapo wanataka kuona miji ya mawe iliyojengwa na Wamaya wa kale. Mji ulio mashuhuri kuliko yote ya jimbo hilo ni Chichén Itzá. Lakini mji huo hauko pwani. Uko mbali sana ndani ya nchi, na merikebu haikai bandarini ila mchana mmoja tu. Basi, msafiri hana budi kupima saa zake vizuri.

2. Hesabu ya saa

Pwani ya Yucatán ni tambarare, na maji yake si ya kina. Mtu aweza kwenda mbali ndani ya bahari na maji yasimfike shingoni. Merikebu kubwa haiwezi kukaribia pwani ya namna hiyo, ingekwama. Kwa sababu hiyo huko Progreso lilijengwa gati refu mno, lenye urefu wa kilometa 6 na zaidi. Merikebu hufungwa kwenye ncha yake, baharini mbali. Wasafiri hawalipiti gati hilo kwa miguu, bali huchukuliwa na mabasi mpaka mjini.

Kutoka Progreso, barabara inakwenda kusini mpaka mji mkubwa wa Mérida, kisha inageuka kuelekea mashariki. Kutoka Mérida mpaka Chichén Itzá ni kilometa 120 hivi. Safari yote kutoka baharini huchukua saa 2 hivi kwa basi.

Sasa fanya hesabu. Merikebu imefika saa 2 asubuhi. Itang'oa nanga saa 11 jioni, lakini wasafiri wote wameambiwa wawe ndani saa 10. Basi wana saa 8. Kushuka, kupita gati na kupanga watu katika mabasi: saa 1. Kwenda: saa 2. Kurudi: saa 2. Kungoja zamu na kupanda tena merikebuni: saa 1. Jumla ni saa 6. Zimebaki saa 2 tu za kuutazama mji wenyewe!

Wengine wanaona hizo ni chache mno. Wanachagua Dzibilchaltún, mji mwingine wa kale wa Wamaya, ulio kati ya Progreso na Mérida. Huo si mashuhuri sana, lakini njia yake ni fupi. Hakuna ubaya katika kuchagua hivyo. Ubaya ni kwenda mbali bila kujua umefuata nini. Mtu wa namna hiyo hupoteza saa zake 2 kwa kuzunguka huku na huku, akarudi na vumbi tu.

3. Mlima uliojengwa kwa hesabu

Jambo la kwanza linaloonekana Chichén Itzá ni piramidi kubwa, yaani jengo pana chini na jembamba juu, kama mlima. Kimo chake ni meta 30 hivi, pamoja na nyumba ndogo ya ibada iliyo juu yake. Wamaya wa kale waliijenga kwa heshima ya Kukulkán, nyoka mwenye manyoya.

Asiyejua atasema, "Ni rundo kubwa la mawe." Lakini ahesabu ngazi zake. Kila upande una ngazi, na kila ngazi ina vidato 91. Pande ni 4. Mara 4 ya 91 ni 364. Ongeza kidato cha juu kabisa, na jumla ni 365. Ndizo siku za mwaka! Wamaya waliandika kalenda yao kwa mawe.

Tena kuna ajabu nyingine. Mara mbili kila mwaka, katika mwezi wa Machi na mwezi wa Septemba, mchana na usiku huwa sawa. Siku hizo, jua linapoanza kushuka, pembe za piramidi hutupa kivuli juu ya ukingo wa ngazi ya kaskazini. Nuru na kivuli hufanya umbo kama mwili wa nyoka anayeteremka. Na chini ya ngazi kipo kichwa cha nyoka cha mawe. Wajenzi walikuwa wamelitazama jua miaka mingi kabla ya kuweka jiwe la kwanza. Lakini nyoka huyo hutokea jioni. Saa hiyo watu wa merikebu huwa wamekwisha kuondoka.

Mtu akisimama mbele ya ngazi na kupiga kofi, sauti humrudia imegeuka, kama mlio wa ndege. Kila siku watu hupiga makofi hapo, wakacheka. Kupanda juu ya piramidi kumekatazwa. Miguu ya watu wengi iliyaharibu mawe, na ngazi ni kali sana: mtu akiteleza, anaanguka mpaka chini.

Wamaya hawakuwa na vyombo vya chuma, wala magari, wala ng'ombe au farasi wa kuvuta mizigo. Mawe waliyachonga kwa mawe magumu zaidi, wakayachukua kwa nguvu za watu. Chokaa ya kuyashika waliipata kwa kuchoma mawe ya nchi yao katika moto mkali. Hata hivyo kazi yao imesimama miaka zaidi ya 900.

4. Kiwanja cha mpira na shimo la maji

Karibu na piramidi kuna kiwanja cha mpira, chenye urefu wa meta 168 na upana wa meta 70. Pande mbili zina kuta ndefu za mawe. Juu sana katika kila ukuta imewekwa pete ya jiwe. Mpira wao ulifanywa kwa utomvu wa mti, ulikuwa mzito. Wachezaji waliupiga kwa nyonga. Mchezo huo haukuwa wa kujifurahisha tu, bali uliungana na ibada zao.

Njia pana inatoka kwenye piramidi kuelekea kaskazini. Mwisho wake ni shimo kubwa la mviringo, lenye upana wa meta 60 hivi. Kuta zake zimesimama wima, na chini kabisa kuna maji ya kijani. Shimo la namna hiyo linaitwa senote.

Ili kufahamu maana ya senote, lazima kwanza kufahamu nchi. Kaskazini ya Yucatán hakuna mito. Mvua inanyesha, lakini ardhi ni jiwe la chokaa, lenye matundu mengi. Maji hupenya upesi, yakaenda chini ya nchi. Pengine paa la pango la chini huanguka, na maji yakaonekana. Pasipo senote, watu wangeishije? Jina lenyewe la mji lasema hivyo: Chichén Itzá ni "mdomo wa kisima cha Waitza".

Maji ya kunywa walichota katika senote nyingine. Hii kubwa waliiheshimu kama makao ya mungu wa mvua. Walitupa ndani vitu vya thamani, hata watu pia, wakiomba mvua. Jambo hilo linahuzunisha. Lakini linaonyesha pia jinsi hofu ya ukame ilivyokuwa kubwa katika nchi isiyo na mto.

Tangu mwaka 1904, Mmarekani mmoja, Edward Thompson, alichimbua matope ya senote hiyo. Akapata dhahabu, mawe ya kijani ya thamani, vyungu, ubani na mifupa ya watu. Vitu vingi vilipelekwa Marekani, katika nyumba ya makumbusho ya chuo kikuu cha Harvard. Baadaye baadhi yake vilirudishwa Meksiko.

5. Wamaya wako wapi?

Mji wa Chichén Itzá ulikuwa na nguvu hasa kati ya mwaka 800 na mwaka 1100. Kisha nguvu zake zikapungua, na ukuu ukahamia miji mingine. Msitu ukaota juu ya kuta. Katika miaka ya 1920 wataalamu walianza kazi kubwa ya kuondoa miti na kuyasimamisha tena mawe yaliyoanguka.

Kwa hiyo wasafiri wengi hudhani kwamba Wamaya wamekwisha. Wanauliza, "Watu hawa walipotelea wapi?" Na pengine wanamwuliza Mmaya mwenyewe! Maana anayeendesha basi, au anayewaongoza kati ya mawe, au anayeuza vitambaa kando ya njia, mara nyingi ni mtu wa kabila hilo. Miji iliachwa, lakini watu hawakufa wote. Leo Wamaya ni mamilioni, katika Meksiko, Guatemala, Belize na Honduras. Katika nchi ya Meksiko watu zaidi ya 700,000 wanasema lugha ya Wamaya wa Yucatán.

Chakula chao ni kile cha babu zao, yaani mahindi. Huyachemsha katika maji ya chokaa ili maganda yatoke, huyasaga, kisha huoka mikate myembamba juu ya moto. Chokaa iliyojenga piramidi ndiyo inayopika mahindi! Wazee wao walisimulia kwamba mtu wa kwanza aliumbwa kwa unga wa mahindi.

Na jambo hili linawahusu watoto wa Kongo pia. Mahindi hayakuwa mmea wa Afrika tangu mwanzo. Watu wa Meksiko ndio waliolima mahindi ya kwanza, miaka 9,000 hivi iliyopita. Wareno waliyaleta Afrika katika karne ya 16. Mama anaposonga bukari ya mahindi jioni, anapika zao lililotoka kwa wakulima wale wa mbali.

6. Merikebu haingoji

Saa 2 zimekwisha. Jua ni kali, na kivuli ni haba. Kiongozi anawaita watu wake na kuwahesabu. Mmoja anataka kununua kofia, mwingine amerudi kutazama senote mara ya pili. Hapo ndipo safari inapoweza kuharibika.

Kwa nini merikebu isiwangoje kidogo? Kwa sababu bandari ya kesho imekwisha kuitengea mahali na saa ya kufika. Ikichelewa, yapaswa kwenda mbio zaidi na kuchoma mafuta mengi. Watu 3,000 hawawezi kuzuiwa kwa ajili ya 2. Kila msafiri ana kadi yake, inayoandikwa anaposhuka na anapopanda. Wakuu wa merikebu wanajua kamili nani hajarudi.

Waliokwenda kwa basi lililotengenezwa na merikebu yenyewe, kwa kawaida wanangojwa, au wanatafutiwa njia. Lakini waliojikodia gari wenyewe wakichelewa, wanaachwa. Wanasimama gatini wakiona moshi unakwenda zake. Itawapasa kutafuta njia mpaka bandari nyingine, kwa fedha yao wenyewe. Tena wengine hudanganywa na saa ya mkononi. Pengine saa ya merikebu na saa ya nchi zapishana kwa saa 1 nzima. Msafiri mwenye akili huuliza kabla ya kushuka: "Tunafuata saa ipi?"

Kuuliza si ujinga. Aulizaye saa, haachwi na merikebu. Naye aulizaye habari za mji kabla ya kufika, huona mengi kwa muda mdogo: hesabu katika ngazi, kiu katika senote, na mjukuu wa wajenzi katika mtu anayemfungulia mlango wa basi.

Maulizo

1. Kwa nini gati la Progreso ni refu sana?
2. Vidato vya piramidi vyafananaje na siku za mwaka? Onyesha hesabu.
3. Kwa nini Yucatán hakuna mito? Watu walipata wapi maji?
4. Taja kazi mbili za chokaa kwa Wamaya.
5. Merikebu imefika saa 1 asubuhi, na wasafiri wote wawe ndani saa 10 jioni. Watapata saa ngapi za kuutazama mji wa Chichén Itzá?