Tikisa Gurudumu Kabla ya Kufungua Pochi

Katika lori la zamani, vipuri vingi vinavyolika vilitengenezwa makusudi vilike. Bushi hulika ili pini ya springi ipone, na pini hulika ili fremu ipone. Kwa hiyo mwenye Bedford TJ, au Canter ya miaka mingi yenye ekseli nzima mbele na springi za bapa, hana sababu ya kununua kitu kikubwa kila chuma kinapogonga. Hasara humpata pale asipojua kinachogonga ni kipi, akaanza kubadilisha hiki na kile kwa kubahatisha.

Tuseme usukani unacheza na gurudumu la mbele linatetema. Ukienda dukani na maelezo hayo tu, utarudi na mfuko mzito wa spea na huenda mtetemo ukabaki palepale. Weka kabari kwenye magurudumu ya nyuma, inua mbele kwa jeki, kisha lori likalie stendi za chuma au magogo ya mti mgumu. Tofali la saruji lisikaribie kazi hii: halitoi onyo, hupasuka ghafla.

Sasa shika tairi juu na chini, utikise. Likicheza, mwambie utingo akanyage breki na wewe uendelee kutikisa. Mchezo ukitoweka, ulikuwa kwenye beringi, kwa sababu breki imeibana dramu isiweze kulalia upande wowote. Usipotoweka, mtuhumiwa ni kingpini na bushi zake. Halafu shika kushoto na kulia. Ikiwa linacheza upande huo tu, tazama viungo vya tai rodi, na baada ya hapo sanduku la usukani. Kipimo hiki ni cha bure, na kwa maoni yangu kina thamani kuliko nusu ya spana zilizomo kwenye boksi la fundi.

Ikiwa ni beringi, ifungue uisome. Beringi nyingi za magurudumu ya mbele ya malori zina rola zilizochongoka kidogo upande mmoja, mtindo ambao Henry Timken, mtengenezaji wa magari ya farasi wa St. Louis, Marekani, alipata hataza yake mwaka 1898. Mshazari huo huiwezesha kubeba uzito wa juu pamoja na msukumo wa pembeni lori likikata kona. Kwenye uso wake pamechongwa namba, na namba hiyo ndiyo inayookoa pesa. Chukua 30206, moja ya zile za vipimo vya kawaida vya milimita: tarakimu mbili za mwisho, 06, ukizizidisha kwa 5 unapata 30, yaani tundu la milimita 30. Kanuni hiyo hufanya kazi kuanzia 04 kwenda juu. Lori la Kiingereza la zamani huenda likawa na beringi za inchi, ambazo kikombe cha nje kina namba yake na koni ina yake, basi andika zote mbili. Ukiwa na namba huhitaji duka la spea za lori lako. Duka linalouzia wenye mashine za kusaga na pampu za maji linaweza kuwa na beringi ileile, kwani beringi haijui inakwenda kufungwa wapi. Sili ya grisi nayo huandikwa vipimo vitatu: kipenyo cha ndani, cha nje, na unene.

Badilisha kikombe na rola zake pamoja. Rola mpya kwenye kikombe kilichochimbika hazitadumu. Kikombe cha zamani hutolewa kwa nyundo na kipande cha shaba, ukigonga upande huu kisha ule, na usikitupe. Kisage kidogo mzunguko wake wa nje kwa jiwe la kusagia hadi kiingie kwenye habu bila kubana, nacho kitakuwa kifaa cha kukisukumia kipya ndani. Kikombe kipya kikilala kwenye friza usiku mmoja husinyaa kidogo, na kuingia kwake huwa rahisi. Grisi ipenyeze kati ya rola kwa kiganja mpaka itokeze upande wa pili. Sili iwe mpya kila mara. Anayerudisha sili kuukuu ili kubana matumizi atanunua lainingi za breki zilizolowa grisi.

Hapo kwenye breki, vumbi lisipulizwe kwa kompresa. Lainingi za zamani huenda zina asbesto, ambayo huleta saratani ya mapafu na ya utando wake. Lowesha kwa maji ya sabuni, ufute kwa kitambaa, ukitupe.

Bushi za mpira za springi zina ubishi wa aina yake. Kibomba cha chuma cha kati kikiwa kimeshika kutu, toboa mpira kwa drili kuzunguka, uutoe, kisha pitisha wembe wa msumeno wa chuma ukate ganda la nje kwa urefu. Likishakatwa hujikunja lenyewe. Bushi mpya ikishaingia, usikaze bolti kwa nguvu ya mwisho lori likiwa bado juu. Mpira ulioshikana na chuma hubaki umesokotwa lori likishuka, na hauchukui muda kuchanika. Teremsha lori likae kwa uzito wake, ndipo ukaze. Bolti zenyewe zisome kichwani: 8.8 na 10.9 ni alama za nguvu ya chuma. Ya 8.8 huvumilia mvuto wa takriban megapaskali 800 kabla ya kukatika, na bolti ya ujenzi isiyo na alama haina kazi kwenye springi wala usukani.

Kingpini ni ya kugawana na fundi wa lezi. Bushi za shaba, zikishasukumwa ndani, lazima zipitishwe rima ili tundu zote mbili zinyooke mstari mmoja, na kifaa hicho ni ghali kukinunua kwa kazi moja. Fungua mwenyewe, mpelekee stabu ekseli na pini mpya, na umlipe kazi hiyo tu. Tai rodi iliyopasuka haichomelewi, hata fundi akiapa.

Wakati wa kurudisha habu, kama huna kitabu cha gari, kaza nati huku ukiizungusha hadi iwe nzito, kisha ilegeze kiasi cha bapa moja ya nati ya pembe sita, ufunge kwa kotapini mpya. Endesha kama kilomita 10 bila mzigo, ukanyage breki kwa uchache, kisha simama uguse habu zote mbili kwa nyuma ya kiganja. Uvuguvugu ni kawaida. Inayochoma kuliko mwenzake imekazwa mno, au breki yake inashika, na haipakiwi mzigo mpaka irekebishwe.