Kula ndani ya restora ya Japani: hakuna atakayekugombeza, njo maana ujue mbele

Mwaka 2024, watu zaidi ya milioni 36 kutoka inchi za kigeni waliingia Japani kutembea. Wakongomani nao wanaenda kule: wengine kwa masomo, wengine kwa mafunzo mafupi ya JICA, shirika la ushirikiano la serikali ya Japani. Tangu 2014 kuna pia mpango wa ABE Initiative, wenye kupeleka vijana wa Afrika kwenye vyuo vikuu vya kule.

Mtu akijitayarisha kwa safari kama ile, anafikiria visa, baridi na lugha. Meza haimuingii kichwani. Lakini mara ya kwanza umeingia restora ya Kijapani, unaweza kufanya makosa tano mbele ya supu kufika, na hakuna mtu atasema kitu. Mtumishi atatabasamu, atainamisha kichwa, atakushukuru. Kwetu ukikosea kwa watu, mama wa nyumba atakuambia palepale: "Weye, nawa mikono kwanza!" Kule, kusahihisha mgeni mbele ya wengine ni kumpatisha haya, basi wananyamaza. Mgeni anatoka akifikiri yote yameenda vizuri. Ao, mbaya zaidi, anatoka na hasira akisema wamemuibia, wakati wamemtendea sawa na Mjapani yeyote.

Tuanze na mlango. Restora mingi za kawaida zinatundika kitambaa kifupi juu ya mlango, wanakiita noren. Kikiwa inje, wamefungua. Kikirudishwa ndani, wamefunga, hata kama taa zinawaka. Ukiingia watakupokea na sauti ya nguvu, wote kwa pamoja: "Irasshaimase!" Ni kusema karibu tu. Hawangojei jibu, kuinamisha kichwa kidogo kunatosha. Lakini usiende kujikalia mahali unapenda. Simama pale, onyesha na vidole muko wangapi, ngoja wakupeleke.

Sasa kuna siku mtu wa kazi atakuja mbele yako na kukunja mikono yake miwili mfano wa X. Maana yake ni hapana. Kwa mtu mweusi aliye mbali na kwao, ile alama inauma, na wengi wanaamua palepale kama ni ubaguzi. Mara nyingi sivyo. Restora mingi za Japani ni ndogo sana, viti nane ao kumi vimepangwa mbele ya mpishi, na supu ya siku ikiisha, kazi imeisha. Tena mu mji wa Kyoto kuna nyumba za zamani ambazo hazipokei mtu wa mara ya kwanza kama hakuletwa na mteja wanayemjua. Hata Mjapani wa Tokyo wanamrudisha.

Lakini tusidanganyane, ubaguzi pia uko. Mwaka 2002 mahakama ya Sapporo ilihukumu nyumba moja ya kuoga ya mji wa Otaru, kwa kuwa ilikatalia watu kuingia kwa kuwatazama sura. Iliamriwa kulipa yeni milioni moja kwa kila mmoja wa watu watatu walioishitaki. Mmoja kati yao alikuwa amekwisha kupata uraia wa Japani, na bado walimrudisha mlangoni. Ile haikuwa restora, lakini inaonyesha jambo hili limefika hata mbele ya majaji. Basi ukikataliwa, tazama kwanza: viti viko tupu? Wengine wanaingia nyuma yako? Kisha njo uhukumu.

Ukipokelewa, angalia chini. Kama sakafu imeinuka kidogo, ao kama kuna mikeka ya tatami, viatu vinabaki chini. Kunakuwa kabati ya kuviweka, wakati mwingine na ufunguo wa ubao. Kwenye tatami unatembea na soksi tu, kwa hiyo siku ile usivae soksi iliyotoboka. Chooni utakuta sapatu zingine, ni za mule ndani peke yake. Wageni wengi wanasahau kuzivua na kurudi nazo mpaka mezani. Hapo hata Mjapani mpole anashindwa kuzuia kicheko.

Mtu wa Kivu hatashangaa kitu kinachofuata. Kwetu mbele ya bugali inapita beseni na maji. Kule wanakuletea kitambaa kidogo chenye majimaji, oshibori, cha moto wakati wa baridi na cha baridi wakati wa joto. Ni cha mikono. Utaona baba wazee wa kule wanajipanguza uso na shingo. Wako kwao, usijifunze kwao. Maji ya kunywa ao chai inakuja bila kulipa katika restora mingi.

Kwa kukomande, asiyejua kusoma Kijapani asiogope. Restora mingi zinaweka kwenye dirisha la inje sahani za chakula cha plastiki, zimetengenezwa vizuri mpaka unataka kuonja. Onyesha kidole, basi. Kwingine meni iko na picha, ao kuna tableti mezani. Kwenye nyumba za rameni, yaani zile tambi za ndani ya supu, mara nyingi kuna mashini karibu na mlango: unaweka feza, unabonyeza chakula unachotaka, unapata tikiti, unaipatia mpishi. Tarehe 3 Julai 2024 Japani ilitoa noti mpya za yeni 1,000, 5,000 na 10,000, na mashini mingi za zamani zilikataa kuzipokea, kwa sababu kuzibadilisha kulikuwa bei kali kwa wenye maduka madogo. Noti yako ikirudi, si kusema ni ya bandia. Kama unataka kuita mtumishi, kuna kengele mezani, ao unasema kwa sauti "sumimasen!" Kuita kwa sauti si ukosefu wa adabu. Ukikaa kimya kungoja wakuone, utalala na njaa.

Kitu kimoja kinaleta maneno: kugawana. Kwetu watu watatu kula kwenye sahani moja ni upendo. Kwenye nyumba ya rameni yenye viti kumi, mwenyewe anahesabu viti. Kila anayekaa akomande bakuli yake. Hakuna mtu atakufukuza, lakini ujue umemuondolea mteja.

Halafu kuna otoshi, na hapo njo wageni mingi wanakasirika kweli. Ukiingia izakaya, nyumba ya kunywa na kula vidogo vidogo jioni, mtumishi atakuletea kisahani ambacho hukukomande: majani yaliyochemshwa, kipande cha samaki, ao viazi kidogo. Unakula, unafikiri ni zawadi. Kwenye faktire unakuta yeni 300, 400 ao 500 kwa kila mtu. "Sikukomande hii!" Ni kweli. Lakini otoshi ni kama kiingilio: inalipia kiti, inakupatia kitu cha kutafuna wakati mpishi anatayarisha, na Wajapani wenyewe wanailipa. Upande wa Osaka inaitwa tsukidashi. Watu wa kule pia wako wanaoinungunikia, hasa vijana. Maoni yetu ni kwamba mwenye izakaya akiandika neno moja tu kwenye mlango, kwa lugha ambayo mgeni anasoma, ugomvi nusu ungeisha. Wengine wameanza kufanya hivyo. Mahali haijaandikwa, uliza mbele ya kukaa.

Tufike kwa vijiti. Kushindwa kuvishika vizuri si kosa. Omba kanya, watakuletea bila neno ikiwa wako nayo. Sushi unaweza kuila na mkono, na mtu aliyekula bugali maisha yake yote hapo atakuwa bwana. Wala usijisumbue na orodha ndefu ya makatazo ambayo watu wanapenda kuwatishia wageni. Makatazo mawili njo yenye uzito, na yote mawili yanatoka kwenye kilio.

La kwanza: usisimamishe vijiti ndani ya bakuli ya wali. Mtu akifariki, katika desturi ya Kibudha ya kule, wanaweka karibu na kichwa chake bakuli ya wali uliojaa, na vijiti vimesimamishwa katikati. Ni chakula cha marehemu. Ukifanya vile mezani, hata bila kujua, umeleta matanga kati ya watu wanaokula.

La pili: usipokee chakula kwa vijiti vyako kutoka kwenye vijiti vya mwingine. Japani karibu wafu wote wanachomwa, si kuzikwa kama kwetu. Kisha kuchomwa, ndugu wanakusanyika kuzunguka mifupa iliyobaki. Wawili wawili, wakiwa na vijiti, wanaokota mfupa na kuuweka ndani ya chombo. Wanaanza na mifupa ya miguu, wanamaliza na ya kichwa, ili mpendwa wao asikae kichwa chini ndani ya chombo kile. Mjapani mwenye miaka arobaini, kuna uwezekano mkubwa amefanya kazi ile kwa babu, kwa mama, pengine kwa mtoto. Sasa wewe, kwa mapenzi, unamnyoshea kipande cha nyama na vijiti vyako, yeye apokee na vyake. Atatabasamu. Lakini mikono yake inakumbuka. Kama unataka kumpatia, weka kwenye kisahani chake, aokote mwenyewe.

Ukimaliza ao ukipumzika, vilaze kwenye kile kijiwe kidogo kilicho mezani, ao kwenye karatasi yake.

Mengine ni mepesi. Bakuli ya wali na ya supu ya miso unaiinua na mkono, na supu unainywa kwenye bakuli lenyewe. Kuvuta rameni ao soba kwa kelele kunaruhusiwa, tena inasaidia juu ziko za moto sana. Kelele zingine haziruhusiwi. Kupenga kamasi mezani kunawachukiza, basi toka kidogo. Wakiinua bilauri, ngoja wote waseme "kanpai" mbele ya kunywa, na bilauri ya jirani njo unajaza, yako atakujazia yeye. Asiyekunywa pombe anajibu na juisi ao chai. Pombe ni kwa mwenye miaka 20 na kuendelea.

Waislamu wetu wa Maniema na Waadventisti wa Kivu wasome hapa polepole. Supu ya rameni mara mingi inatoka kwenye mifupa ya nguruwe, hata kama hauoni kipande cha nyama. Michuzi mingi inatiwa sake ao mirin, ambazo ni pombe za mchele. Na aliyeacha nyama na samaki atashangaa: mchuzi wa msingi wa vyakula mingi vya kule, dashi, mara nyingi unatoka kwenye samaki aliyekaushwa, anayekwanguliwa kama vumbi la mbao. Neno la kushika ni hili: "Butaniku wa taberaremasen", sili nyama ya nguruwe. Usemi huo utakusaidia kuchagua chakula kingine. Haitafanya mpishi abadilishe kile alichokwisha kupika, kwani kubadilisha chakula kwa mapenzi ya mteja si desturi yao. Katika miji mikubwa kuna restora za halal, lakini zitafute mbele ya kutoka.

Chakula kikibaki, usiombe mfuko wa kupeleka nyumbani bila kuuliza kwa upole. Restora mingi zinakataa, wanaogopa chakula kiharibike njiani na kiumize mtu. Basi komande kidogo, ukimaliza ongeza. Kuacha wali ndani ya bakuli kunawasikitisha.

Inabaki feza. Mara mingi faktire inakuja mezani, lakini unalipa kwenye kesi karibu na mlango. Kunakuwa kisahani kidogo: weka noti pale, si mkononi mwa mtu. Kodi ni 10 kwa mia ukikula ndani, 8 kwa mia ukibeba. Na matabishi hakuna. Kwetu kumuachia mtumishi kitu ni heshima, na mshahara wake pengine unategemea ile. Kule ukiacha yeni 500 mezani, atakukimbilia mpaka barabarani, anahema, kukurudishia akidhani umezisahau. Usimlazimishe kupokea, unampatisha taabu. Hoteli kubwa na restora za bei kali zinaongeza zenyewe 10 ao 15 kwa mia kwenye faktire, hapo umelipa.

Kama unataka kumuachia kitu, geuka mlangoni, tazama upande wa jiko, sema: "Gochisosama deshita." Ni kushukuru kwa chakula. Mpishi ambaye hakukuinulia macho tangu umeingia, mara nyingi hapo njo atakujibu.