Shoki Zimekufa, Springi Bado Iko Hai

Barabara ya Meru kwenda Embu haimpi dereva nafasi ya kusahau shoki zake. Ukitoka Nkubu, unapanda na kuteremka mabonde yaliyochimbwa na mito ya Mlima Kenya: Nithi, kisha Thuchi, kisha Ena. Kila unapoingia kona ya kuteremka, uzito wa gari hukimbilia tairi ya mbele iliyo upande wa nje. Kazi ya shoki ni kuhakikisha tairi hiyo haiachi lami hata nukta moja. Pale daraja la Nithi, mnamo Julai 24, 2022, basi lilitumbukia bondeni na watu zaidi ya 30 wakafariki. Sisemi ajali ile ilitokana na shoki. Nasema tu kwamba barabara hii haina huruma kwa gari lisiloshika njia.

Wengi huchanganya springi na shoki. Springi ndiyo inayobeba gari. Shoki haibebi chochote. Kazi yake ni kuituliza springi. Ndani yake mna pistoni inayopita kwenye mafuta, na mafuta hayo hulazimika kupenya vitundu vidogo, hivyo mtikisiko unageuka kuwa joto. Shoki ikifa, springi inabaki hai, inaruka bila mwenye kuishika mkono, na tairi linaruka pamoja nayo.

Katika magari mengi tunayoyaendesha huku, Toyota Fielder, Vitz, Axio na wenzao, shoki ya mbele imepitishwa katikati ya springi na vyote viwili vikawa kitu kimoja, strati. Mpango huu ni wa mhandisi Mmarekani Earle MacPherson, na ulianza kuonekana barabarani kwenye Ford Vedette ya mwaka 1949. Ford Zephyr, iliyotumia mpango huohuo, ilishinda mbio za Safari hapa kwetu mwaka 1955. Ni mpango mzuri na rahisi, lakini una hatari moja ambayo nitaieleza kwa urefu, kwa sababu ndiyo iliyonifanya niandike.

Kwanza, utajuaje kwamba shoki zimekufa? Pitisha kiganja juu ya uso wa tairi. Ukihisi mabonde na vilima mahali panapopaswa kuwa laini, tairi limekuwa likidunda. Chungulia nyuma ya gurudumu: unyevu mwembamba wa mafuta kwenye shoki si tatizo, lakini mafuta yanayotiririka na kushika vumbi jekundu ni tatizo. Kandamiza kona ya boneti kwa nguvu kisha uachilie. Gari likipanda na kutulia, sawa. Likiendelea kucheza, shoki imekwisha. Springi nayo huvunjika, mara nyingi kwenye mzunguko wa chini kabisa, mahali ambapo tope hukaa na kutu hula. Gari likiinama upande mmoja, angalia hapo.

Sasa kazi yenyewe. Mtu mwenye subira na spana zinazofaa anaweza kubadilisha strati uani kwake. Tatizo la kwanza ni ule ua. Udongo wetu mwekundu, msimu wa mvua, humeza jeki. Unainua gari asubuhi, kufikia saa sita jeki limezama upande mmoja na gari limeanza kuteleza. Tafuta sakafu ya simiti iliyo sawa. Usipoipata, tandika ubao mpana na mzito chini ya jeki na chini ya kila stendi. Nasema stendi kwa makusudi. Jeki linainua gari. Halishikilii gari wakati wewe uko chini yake. Tumia stendi mbili za chuma, weka kabari nyuma na mbele ya tairi za nyuma, vuta breki ya mkono. Gurudumu ulilolitoa lilaze chini ya ubavu wa gari kama mlinzi wa akiba. Na tafadhali, achana na tofali za simiti zenye matundu. Hazitoi onyo, hupasuka ghafla.

Nyunyizia bolti mafuta ya kulainisha kutu tangu jana yake jioni. Legeza nati za gurudumu gari likiwa bado chini. Kabla ya kutoa bolti mbili kubwa zinazoshika mguu wa strati, chora alama kwa rangi zilipokaa, ili usizirudishe kwa kubahatisha. Ufungue mpira wa breki na waya wa ABS kutoka kwenye strati, kisha ufunge kitovu cha gurudumu kwa waya kisianguke nje na kuvuta mpira huo.

Fungua boneti uangalie juu ya strati. Utaona nati ndogo, kwa kawaida tatu, zimezunguka nati moja kubwa ya katikati. Zile ndogo zinaishikilia strati kwenye bodi, na hizo ndizo utakazofungua. Ile ya katikati usiiguse. Hiyo ndiyo inayoifungia springi, na hapo ndipo ilipo hatari niliyoitaja mwanzoni.

Fikiria gari la kilo 1,100 lenye injini mbele: kila springi ya mbele inabeba takribani kilo 300. Strati ikitolewa kwenye gari, springi hupumua kidogo, lakini bado imebanwa na inasubiri. Anayefungua nati ya katikati bila kuibana springi kwanza anaiachilia nguvu hiyo mbele ya uso wake. Nimewahi kusimama katika karakana moja ya mabati, kulabu moja ya kibano cha springi ikateleza. Sauti ilikuwa kama ya bunduki. Kibao cha juu cha strati kilipita katikati ya watu wawili na kuacha shimo kwenye bati la paa. Hakuna aliyeumia, na hakuna aliyesema neno kwa dakika nzima.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: toa strati mwenyewe, kisha ipeleke kwa fundi mwenye mashine ya kubania springi iliyofungwa ukutani au sakafuni, afanye hapo hatua hiyo moja. Au nunua strati iliyokuja imefungwa tayari na springi yake. Ukilazimika kutumia vibano vya mkono, viwe viwili, vimekabiliana, vikikazwa kwa zamu mizunguko michache michache kwa spana ya mkono, na ncha za springi zisielekee mtu yeyote. Nyuma ya Fielder nyingi kazi ni nyepesi zaidi, kwa kuwa springi na shoki zimekaa mbalimbali: unaishikilia ekseli kwa jeki, unafungua shoki, unashusha ekseli taratibu hadi springi ilegee.

Kuna mambo mawili ya mtaani ninayoyapinga. La kwanza ni kuongeza spesa juu ya strati ili gari lipande. Najua barabara za kuelekea Siakago na Maua, najua kwa nini watu wanafanya hivyo. Lakini spesa nene huzilazimisha shafti za magurudumu kuzunguka kwa pembe kali zaidi. La pili ni shoki kutobolewa, kujazwa mafuta na kuchomelewa. Shoki nyingi za leo zina gesi iliyoshindiliwa. Kuichomelea ni kuhatarisha fundi, na mwenye gari huondoka na kitu ambacho hakuna aliyekipima.

Badilisha shoki mbilimbili, kushoto na kulia. Weka ncha ya springi ndani ya nafasi yake kwenye kikombe cha chini, na utumie nati mpya pale juu. Bolti zinazopita kwenye bushi za mpira zikaze kabisa gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, la sivyo mpira utajisokota na kuchanika. Nati za magurudumu za Toyota nyingi ndogo hukazwa kwa nyutoni mita 103. Azima spana ya kupimia ikiwa huna. Kisha peleka gari likafanyiwe alainimenti siku hiyohiyo.

Safari ya kwanza iwe ya kuzunguka mtaa tu, polepole, madirisha wazi, ukisikiliza. Rudi nyumbani, kagua kila bolti uliyoigusa. Ukishamaliza hayo, ndipo uteremke Nithi.