Tabaka Tatu za Oti na Chokoleti, na Kipande cha Bibi

Jumanne moja, baada ya Swala ya Alasiri, binti yangu aliingia jikoni akiwa na paketi ya oti mkononi na uso wa mtu aliyekwisha kukata shauri. Alikuwa ameonja nyumbani kwa rafiki yake vipande vya tabaka tatu: chini oti zilizookwa zikashikana, katikati chokoleti laini mfano wa haluwa, na juu oti tena, zimetawanywa kama chenga. Alitaka tuvioke nyumbani kwetu, Mombasa, na alitaka tuvioke siku hiyo hiyo. Mama mkwe wangu, ambaye kwa miaka mingi sasa anaishi na maradhi ya sukari, alikuwa ameketi mlangoni akichambua mchele kwenye ungo. Aliposikia neno oti, aliinua kichwa.

Nitarudi kwake, kwani kisa hiki hasa ni chake. Kwanza tuingie jikoni.

Oti ni nafaka ya nchi za baridi. Waskoti wamekula uji wake kwa karne nyingi, na Waingereza huzichanganya na siagi na asali ya miwa wakaoka vipande vitamu vya kunywea chai. Wengi wetu huziita shayiri, lakini shayiri ni nafaka nyingine: ndiyo inayosagwa ukapikwa uji wa talbina, ambao Bibi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake, alikuwa akiuagiza kwa mgonjwa na kwa mfiwa. Oti tunazonunua dukani hupitishwa kwanza kwenye mvuke, kisha hukandamizwa zikawa bapa. Mvuke huo una kazi yake. Punje ya oti ina mafuta mengi kuliko nafaka nyingi, na bila ya kupata moto mafuta hayo huharibika upesi. Hata hivyo, kwa joto na unyevu wa pwani yetu, paketi iliyokaa wazi hupoteza ladha. Chukua oti kidogo, zisugue kiganjani, unuse. Zikinuka mafuta mabovu, siagi ya bei yoyote haitaziokoa.

Vipimo vyetu ni vya trei ya mraba yenye upande wa sentimita 23. Kwa tabaka za juu na chini: oti gramu 180, yaani vikombe viwili visivyoshindiliwa, unga wa ngano gramu 190, kikombe kimoja na nusu, sukari ya kahawia au sukari guru iliyoparuzwa, gramu 150, bekin pauda kijiko kimoja cha chai, chumvi nusu kijiko cha chai, na siagi gramu 175 iliyoyeyushwa. Kwa tabaka ya katikati: maziwa mazito matamu ya kopo, kopo moja la kiasi cha gramu 395, chokoleti gramu 200, siagi kijiko kimoja kikubwa, na iliki iliyotwangwa. Iliki hiyo ni nyongeza ya mama mkwe. Nilidhani itapigana na chokoleti, nikakosea.

Aliye na samli nzuri na aitumie. Lakini akumbuke kwamba siagi ina maji ndani yake na samli haina, hivyo gramu 140 za samli zinatosha mahali pa zile 175 za siagi; akizidisha, vipande vitamchuruzika mafuta. Majarini nyingi za kupaka mkate zina maji zaidi kuliko siagi, na tabaka ya chini iliyofanywa kwazo hulegea. Sizipendi kwa kazi hii.

Changanya vitu vikavu, mimina siagi, ufikiche kwa vidole mpaka kila chembe ya oti ipate unyevu. Tandika karatasi ya kuokea ndani ya trei, uache masikio yake yatokeze kando, maana ndiyo utakayoyashika wakati wa kutoa. Chukua thuluthi mbili za mchanganyiko, uzishindilie trei nzima kwa kitako cha bilauri. Hapa usione huruma: tabaka isiyoshindiliwa huvunjika mkononi mwa mgeni. Oka kwa dakika 10 kwenye moto wa nyuzi 180, ili tabaka hiyo ianze kukaza kabla ya kubebeshwa chokoleti.

Wakati huo maziwa, chokoleti na siagi vinayeyuka pamoja katika bakuli lililowekwa juu ya sufuria ya maji yanayochemka polepole, bila ya bakuli kugusa maji. Nimesema pamoja, na nina sababu. Siku ile ya kwanza binti yangu aliyeyusha chokoleti peke yake, kisha akaikoroga kwa mwiko uliotoka kuoshwa. Matone machache tu ya maji yalitosha: chokoleti iliganda ghafla ikawa kama udongo wa mfinyanzi, naye akadhani ni mbovu, nusura aitupe. Haikuwa mbovu. Chokoleti ni unga laini sana wa kakao na sukari unaoelea ndani ya mafuta. Maji kidogo huifanya sukari inate na kushikamana, lakini maji yakiwa mengi ya kutosha hulainika tena. Tuliitilia maziwa ya moto, kijiko baada ya kijiko, ikarejea. Ukiiyeyusha na maziwa ya kopo tangu mwanzo, hatari hiyo haipo.

Mimina chokoleti juu ya tabaka iliyookwa, nyunyiza thuluthi iliyobaki bila ya kuikandamiza, urudishe motoni kwa dakika 20 hadi 25. Kingo zikipata rangi ya dhahabu na katikati bado kunatikisika kidogo, toa. Ukingoja mpaka katikati pakauke, umechelewa.

Asiye na oveni asivunjike moyo. Sisi ni watu wa mkate wa sinia na mkate wa mayai, na mama zetu walioka kwa makaa juu na makaa chini kabla ya oveni ya gesi kufika mitaani kwetu. Weka trei ndani ya sufuria pana yenye mchanga mkavu uliokwisha pata moto, funika kwa sinia la bati, uweke makaa mengi juu ya sinia na machache tu kwenye seredani chini. Wengi hukosea hapo: hufanya kinyume chake, sukari ya chini ikaungua ilhali juu bado pabichi.

Sasa joto letu. Mafuta ya kakao huyeyuka katika joto la kiasi cha nyuzi 34, na mchana wa kaskazi wa Mombasa hauko mbali na hapo. Ndani ya tuktuk iliyosimama juani huenda ukapita. Binti yangu, baada ya trei mbili kufaulu, alipata oda ya trei sita za shughuli ya arusi. Ili zipendeze, aliongeza chokoleti tupu juu, ikang'aa kama kioo. Tuktuk ilikwama kwenye msongamano wa magari. Zilipofika, chokoleti yote ilikuwa imeganda kwenye vifuniko vya masanduku na oti zikawa zinaogelea. Fedha za watu zilirudishwa zote, na siagi ya kilo na zaidi ikapotea. Usiku ule sikumwambia neno. Tangu hapo chokoleti inakaa katikati, imechanganywa na maziwa, ambayo haiyeyuki kirahisi na hata ikilainika imefungwa juu na chini.

Kuhusu chokoleti yenyewe, soma karatasi yake kabla ya kulipa. Mwaka 2024 bei ya kakao katika soko la dunia ilipanda mpaka ikapita dola 10,000 kwa tani, baada ya mavuno kuwa mabaya Côte d'Ivoire na Ghana, nchi zinazoongoza duniani kwa zao hilo. Vibamba vya bei nafuu vingi vimetengenezwa kwa mafuta ya mawese au mengine ya mimea mahali pa mafuta ya kakao. Si haramu, na kwa kweli vinastahimili joto vizuri zaidi, ila ladha yake ni ya mbali. Kakao njema haitoki Afrika Magharibi peke yake. Inalimwa pia Kyela nchini Tanzania na Bundibugyo nchini Uganda, na atakayeipata asisite.

Kuna neno moja kwenye karatasi hizo linalowatia wasiwasi akina mama, nami lilinitia: "cocoa liquor". Nimemwona mama mmoja akirudisha kibamba rafuni huku akivuta istighfari. Hilo si kileo. Ni jina la kibiashara la punje za kakao zilizosagwa mpaka zikawa uji mzito, hazina ulevi wowote. La kuogopwa ni lile linalofanana nalo, "liqueur", ambalo ni kileo kitamu kinachotiwa ndani ya baadhi ya chokoleti za zawadi. Tazama pia vanila ya majimaji, kwani nyingi hukamuliwa kwa alkoholi. Vanila ya unga ipo, na kwa pishi hili iliki inatosha. Namba E471 ni kiungo kinachoweza kutokana na mafuta ya mimea au ya mnyama, na namba peke yake haikwambii ni yapi. Nembo ya halali kwenye paketi ndiyo inayoondoa shaka.

Nimrudie mama mkwe.

Trei ya kwanza iliyofaulu tulikata vipande 24. Kufika Ishaa vilibaki kumi na tano. Nilivyohesabu, watoto walikula vitano. Nilipomtazama bibi yao, alitazama upande wa dirisha.

"Mama, umekula vingapi?"

"Vitatu. Vinne. Si keki hizi, mwanangu, ni oti. Daktari mwenyewe kaniambia nile oti."

Ni kweli daktari alimwambia hivyo. Asubuhi yake kipimo cha kidole kilitoa namba ambayo sitaiandika hapa, na siku ile tuliimalizia hospitali, yeye kitandani, binti yangu amekaa miguuni pake akilia kana kwamba yeye ndiye aliyemlisha sumu. Alhamdulillahi, alirudi nyumbani siku ya pili.

Usiku niliporudi nilichukua kalamu na karatasi. Oti zina uzi laini uitwao betaglukani, unaofanya uji kuwa mzito, ambao hupunguza kasi ya sukari kuingia damuni na hushusha lehemu. Kiasi kinachotajwa na mamlaka za chakula kwa ajili ya lehemu ni gramu 3 kwa siku. Trei yetu nzima ina kiasi cha gramu 7 za uzi huo. Kila kipande, basi, kina thuluthi ya gramu hivi. Upande wa pili nikajumlisha sukari. Zaidi ya nusu ya uzito wa maziwa yale ya kopo ni sukari. Nikaongeza ya chokoleti, nikaongeza gramu 150 za mchanganyiko. Kila kipande kilibeba karibu vijiko vitano vya chai vya sukari, mbali na unga wa ngano ambao nao mwilini huwa sukari. Maana yake, anayetaka gramu 3 za uzi kutoka kwenye trei ile itambidi ale vipande kumi, na pamoja navyo vijiko hamsini vya sukari. Bakuli mbili za uji wa oti usiotiwa sukari zingempa uzi ule ule.

Sikuwa nimemdanganya mama mkwe. Lakini nilipika, nikaweka mezani, nikaliacha jina la oti lizungumze badala yangu. Daktari alisema uji, na sisi tukasikia nafaka.

Sasa nyumbani tunazo namna mbili. Ile ya wageni ni kama nilivyoieleza. Ile ya kila siku ina chokoleti nyeusi yenye kakao asilimia 70, sukari ya mchanganyiko imeshushwa hadi gramu 100, ufuta uliokaangwa kidogo umeongezwa, na trei inakatwa vipande 36 vya mraba. Kipande hicho kina vijiko viwili na nusu vya sukari. Bado si dawa, na mwenye maradhi ya sukari amuulize daktari wake kabla ya kukigusa. Korosho za Kilifi nazo hupendeza ndani yake, lakini anayeuza au kugawa lazima aseme zimo, kwani wako watoto ambao korosho au karanga moja huwafunga pumzi.

Na anayeuza ahesabu. Binti yangu aliporudia kuuza, tulikaa tukaandika kila kitu: si siagi na chokoleti tu, bali makaa, karatasi, kisanduku, nauli ya tuktuk na saa tatu za mikono yake. Iligundulika kwamba katika zile trei sita, hata kama zingefika salama, mikono yake ingefanya kazi bure. Bei ilipanda. Wateja wawili walinung'unika, mmoja akarudi.

Kukata kunataka subira. Acha trei ipoe kabisa, kisha uilaze kwenye friji usiku mzima. Asubuhi uinue kwa masikio ya karatasi, ukate kwa kisu kilichochovywa maji ya moto na kufutwa kila baada ya mkato. Hifadhi ndani ya mkebe wenye kifuniko cha kukaza, karatasi kati ya safu na safu. Nje ya friji, katika msimu wa joto, sivipi zaidi ya siku mbili. Ndani ya friji hukaa wiki.

Mkebe wetu unakaa rafu ya juu. Kila siku baada ya Alasiri binti yangu humpelekea bibi yake kipande kimoja kidogo na kikombe cha kahawa chungu, siku ambazo kipimo cha asubuhi kimeruhusu. Juzi nilimsikia akimwuliza kama anaweza kupewa leo kile cha kesho.

"Bibi, na kesho utakula nini?"

"Kesho," akasema, "nitakula uji."